Nani Anafanya Kazi Katika Nyumba Hii

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Leo nimeambiwa kwamba mimi ni mfanyakazi. Mimi!

Alikuja dada mmoja wa enquête, anaitwa Syntiche. Kofia nyeupe, mfuko begani, tablet mkononi. Wanapita nyumba kwa nyumba hapa Bel-Air kuuliza nani ana kazi na nani hana. Nikampa kiti kizuri, kile cha salon, pale sebuleni, nikampa maji baridi. Mgeni wangu wa kwanza rasmi tangu niwe madame wa nyumba! Nilitamani aulize mambo mengi.

Akauliza jina la mkuu wa nyumba. Michée Mumba, nikasema, polepole, maana napenda linavyotoka kinywani. Umri wake, masomo yake. Halafu kazi. Hapo nilijaa kama unga wenye chachu. Fundi wa malori, nikasema, kwenye garage ya kampuni inayosafirisha shaba. Siyo kibarua wa kuitwa na kuachwa — fundi! Ana ovaroli ya buluu yenye mikanda inayong'aa. Mikono yake inanuka mafuta ya injini hata Jumapili, na mimi naipenda ile harufu kuliko manukato yote ya mjini. (Hilo la harufu sikumwambia. Nilikaribia.)

Akanigeukia mimi. Nikasema sifanyi kazi, nimeolewa tu. Akacheka kidogo. Akauliza kama wiki iliyopita, hata kwa saa moja, sikuuza kitu chochote. Nikamwambia nauza barafu na maji ya vifuko pale mlangoni, kwa sababu tulipewa congélateur, friji ya kugandisha, siku ya arusi. Lakini hiyo siyo kazi, hiyo ni zawadi. Akasema kwao saa moja inatosha. Aliyefanya kazi saa moja kwa wiki, ana kazi. Nikabaki mdomo wazi. Wajomba zangu wote wanaolia kila siku kwamba hawana kazi — kumbe wanayo!

Halafu nikapata aibu. Aliuliza kama Michée ana mkataba ulioandikwa. Sijui. Kama kampuni inamwekea akiba ya uzee. Sijui. Kama inamtibu mke na watoto. Sijui. Mke gani asiyejua? Syntiche akanituliza, akasema ndivyo ilivyo kila mahali, mke anajibu kwa niaba ya mume na nusu ya majibu ni ya kubahatisha. Atarudi Ijumaa ya wiki ijayo amkute mwenyewe. Akanieleza pia kwamba wenzake wanapita kwa waajiri, kila kampuni iseme ina watu wangapi, halafu wataweka hesabu ya nyumbani kando ya hesabu ya kazini waone kama zinaelewana. Hesabu tu. Majina hayatoki, aliapa.

Kwa hiyo mume wangu atahesabiwa mara mbili, kwake na kazini. Anastahili. Ningemhesabu mara mia.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimemwuliza juu ya matibabu. Alikuwa anakula, sombe anayoipenda, majani ya muhogo, nilitia karanga. Akasema dossier yangu, karatasi za kuniandikisha, bado inatembea. Akasema, usijali, chérie.

Chérie! Nikasahau nilichokuwa nauliza.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nitaandika kwa utaratibu, la sivyo sitaelewa mwenyewe.

Asubuhi nilipata wazo. Nimpelekee chakula kazini, moto moto, na hapo hapo niulize kwenye bureau, ofisini, juu ya yale maswali ya Syntiche. Nikapika bukari, ugali wetu, na samaki wa kukaanga, nikafunga vizuri kwenye kitambaa, nikavaa kikwembe cha kijani. Nilipokuwa kwenye taxi nilikuwa najichekea peke yangu. Sijawahi kuona mahali anapofanya kazi. Hata siku ya arusi wenzake hawakuja, aliniambia wote walikuwa zamu.

Kwenye mlango wa garage kuna walinzi wawili. Nikamwambia mkubwa wao nimekuja kumwona Michée Mumba.

"Mumba? Hapa haiko Mumba."

Nikamweleza. Fundi, mrefu, ana mwanya, akicheka anainua bega moja. Mlinzi akafikiri, kisha uso ukamfunguka.

"Aa. Laurent."

Akamtuma mtu ndani akamwite Laurent. Nikasema hapana, siyo Laurent. Akaniambia nitulie, anakuja, na kwani mimi ni dada yake? Nikasema, mimi ni mke wake. Hapo mzee yule akaniangalia kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa.

"Mama, bibi ya Laurent miye ninamujua. Mama Marie-Thérèse, ule wa Makomeno. Alipita hapa na mutoto, kutafuta karatasi ya hospitali."

Yule mwingine akageuza uso, nikajua anacheka. Mkubwa akainama kidogo, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa shauri jema kwa Ijumaa ya wiki ijayo:

"Siku ya tano ya juma inakuja, kila muntu anakuja na bibi yake na batoto, babapige picha. Bale banahesabia bantu ba kazi balipita hapa, directeur akasikia haya sana, hajue hata iko na bantu ngapi. Sasa umuambie Laurent akuje na moja tu."

Amenifanya deuxième bureau! Mimi niliyeolewa kanisani, mbele ya pasta, na gauni lenye mkia, na shangazi zangu wote wakipiga vigelegele — mimi ndiye hawara wa pembeni!

Kisha akatokea. Michée wangu. Ovaroli ile ile, mwendo ule ule. Kifuani badge, na kwenye badge picha ya mtu anayefanana naye ambaye siyo yeye. Aliponiona rangi ikamtoka. Akachukua kile chakula mikononi mwangu, akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa walinzi:

"Aksanti, dada."

Dada.

Sijui nilifikaje nyumbani.

Jioni hiyo hiyo. Amerudi mapema. Hakuingia, alikaa kwenye ngazi ya mlango, mimi nikasimama juu yake. Nilikuwa nimetayarisha maneno makali kabisa, yakapotea yote nilipoona shingo yake imeinama. Akasema yote bila kugeuka.

Laurent Kunda alikuwa yaya yake, kaka yake mkubwa, tumbo moja, kila mmoja na jina lake. Ndiye aliyekuwa fundi kwenye garage ile. Akaugua, kampuni ikampa ruhusa aende kupona kijijini kwao, upande wa Kasenga. Hakupona. Walimzika huko huko. Kampuni haikuambiwa. Baada ya matanga familia ikakaa, ikamwita Michée, ikampa jina la Laurent, na asubuhi moja Michée akavaa ovaroli ya marehemu akaingia kwenye ile garage. Kazi alikuwa anaijua, yaya yake alikuwa amemfundisha. Walinzi wa zamani walikuwa wameshabadilishwa. Wenzake wa garage walimwangalia, wakanyamaza, wakampa ufunguo wa nati.

Hayo yalikuwa kabla hajanijua mimi.

Nikamwuliza, na huyo Marie-Thérèse? Akasema ni mjane wa Laurent. Nikauliza tena. Akasema, Séphora mke wangu, ni mjane wa Laurent, Mungu ananisikia.

Kwa hiyo kule kazini anayehesabiwa ni maiti. Ana mshahara, ana mke, ana watoto wanne. Na huyu ninayelala naye, ninayempikia, hayuko kwenye hesabu yao hata kidogo!

Ijumaa, 10 Oktoba

Sikuuza barafu. Sikupika. Michée alipika mwenyewe, bukari yenye mabonge kama mawe. Tukaila hivyo hivyo. Nilitaka kucheka, nikalia.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya ibada nikamwambia anipeleke Makomeno, nimwone huyo mwanamke kwa macho yangu. Nilifikiri atakataa. Hakukataa.

Anakaa lupango moja, ua mmoja, na mjomba wa akina Michée, Symphorien, mstaafu wa reli. Tulipofungua geti tu, watoto wawili wakakimbia: Papa Laurent, Papa Laurent! Na Michée akainama akawapokea, akawabeba, kama mtu aliyezoea. Anajua nani anapenda kubebwa begani. Nilisimama na mfuko wangu wa mikate kama muuzaji.

Mjomba Symphorien ni mtu wa kuchekesha, na ndiyo maana nilishindwa kumchukia vizuri. Alinikalisha, akaniuliza habari za wazazi, akasema watu wa Kasai kama mimi tunajulikana, tunaweza kuuza hata kivuli chetu, lakini mambo ya majina hatuyajui. Kwao mtu akifa, alinieleza, jina halifukiwi naye. Anakalishwa mdogo wake au mpwa wake kwenye mkeka, anapewa maji, anaitwa kwa jina la marehemu, naye anaitika. Kuanzia hapo watoto wa marehemu siyo yatima. Ndiyo kupyana. Wazee wake walifanya hivyo, na wazee wa wazee wake vile vile. Walirithishana mashamba, bunduki, uchifu.

Na kazi je? nikamwuliza.

"Kazi njo shamba ya ku mujini," akasema. "Ungeacha shamba ikufwe?"

Nikamwambia kampuni siyo ukoo. Kwa kampuni mtu akifa amekufa, jina lake linafutwa. Akashangaa kweli kweli, hakuwa anaigiza. Akauliza: basi wakishamfuta, nani anakaa na watoto wake?

Nikakusanya nguvu nikauliza kile kilichokuwa kinanichoma. Kama alipewa jina, na kazi, na watoto — je, hakupewa na mke? Michée akatazama chini. Ni Marie-Thérèse mwenyewe aliyejibu, kutoka kwenye jiko la makaa, bila kuacha kukoroga.

"Bangenipa uyu? Nilimuogesha kangali kadogo, Séphora. Nilikapanguza mapua." Watu wote wakacheka, na yeye. Kisha akafuta mikono akaja kukaa karibu nami. Ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi, mwembamba, uso mzuri uliochoka. "Miye niko bibi yake ya ku bureau. Weye njo bibi yake. Usichanganye."

Nilitaka kumkasirikia. Lakini akanishika mkono akanipeleka ndani. Kwenye mkeka alilala msichana, Abigaël, binti mkubwa. Ana ule ugonjwa wa damu, SS, wa seli mundu. Viungo vinamwuma kiasi kwamba hata shuka ni zito. Macho manjano. Akanisalimu kwa adabu sana. Dawa zake, damu anayoongezwa, kitanda cha hospitali, vyote vinatoka kwenye kampuni, kwa jina la baba yake. Baba aliye hai kwenye karatasi.

Marie-Thérèse hakuniomba kitu. Angeomba ningeweza kukataa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nawaza jambo la kijinga. Wakiweka hesabu mbili kando kwa kando, zitaelewana! Kampuni itasema: fundi mmoja. Nyumba yangu imesema: fundi mmoja. Moja na moja, sawa. Hakuna atakayegundua kwamba katikati kuna mtu amekufa.

Michée amenishukuru kwa kutoondoka. Sijasema siondoki. Lakini ameniletea mandazi ya asubuhi mpaka kitandani, na mafuta yalikuwa kwenye kidevu chake, na nikampenda. Ninafanyaje? Nampenda.

Alhamisi, 16 Oktoba

Amenyoa nywele kama ilivyo kwenye picha ya badge. Mimi ndiye niliyemnyoa.

Kazini wamesema kesho, siku ya picha, directeur mwenyewe atakaa mezani na kumwuliza kila mfanyakazi maswali, mke wa mfanyakazi akiwa kando. Basi tumefanya mazoezi, tumekaa salon, mimi nikiwa directeur. Niliweka miwani ya baba yangu ili tucheke. Jina lako? Laurent Kunda. Ulizaliwa wapi? Kasenga. Umeanza kazi mwaka gani? Akajibu. Watoto wako? Akawataja wote wanne, na siku zao za kuzaliwa.

Jina la mke wako?

"Marie-Thérèse," akasema. Hakusita hata kidogo.

Vizuri, nikamwambia. Hivyo hivyo. Nikaenda jikoni nikafungua bomba ili maji yafanye kelele.

Ijumaa, 17 Oktoba

Asubuhi. Amekwenda. Atapitia Makomeno kumchukua Marie-Thérèse na watoto. Alivaa shati nililomnunulia mimi. Alinishika uso kwa mikono miwili akasema: leo tu, Séphora, halafu imekwisha. Nikamwambia Abigaël avae sweta, asubuhi kuna baridi. Ndicho nilichokipata cha kusema!

Tangu aondoke nawaona akilini, wamejipanga mbele ya mashine ya picha. Yeye, na yule mama mwembamba, na watoto wanne. Picha nzuri, hakika.

Mchana. Syntiche amefika. Nilikuwa nimesahau kabisa! Ile Ijumaa aliyoisema — ni leo. Amekaa kiti kile kile. Ameuliza kama mume yupo. Nikasema bado kazini, pengine atachelewa, arudi siku nyingine. Akasema atasubiri, hii ndiyo nyumba yake ya mwisho, na miguu inamwuma. Nikampa maji. Picha yetu ya arusi iko pale ukutani juu ya kichwa chake. Ameisifu.

Nilimwuliza tena, kama mzaha, kama kweli majina hayafiki kwa waajiri. Akasema ni kosa la kufukuzwa kazi, na la kushtakiwa. Nilimwamini. Na nilifikiri, nitamwambia Michée kwa jicho tu, naye atasema ukweli, hata kwa mtu mmoja katika mji huu, na mimi nitakaa kando yake niusikie.

Baadaye. Ninaandika nimesimama chumbani. Nimewaambia naenda kuangalia chungu. Hakuna chungu.

Michée alirudi, nikampokea mlangoni. Nikamwuliza kwa sauti ya chini, ilikuwaje? Akasema picha imepigwa, wamepokelewa, Abigaël amepewa kadi mpya. Akatabasamu, kweli, lile tabasamu lake. Nikamwambia Syntiche yuko ndani. Tabasamu likazimika. Akaninong'oneza haraka haraka kwamba huko kazini directeur amewaambia wote: watu wa enquête wanapita majumbani pia, na kila jina la kampuni litatafutwa nyumbani kwake, atakayekutwa mahali siyo pake atatoka kazini. Nikasema siyo kweli, Michée, ni hesabu tu, majina hayatoki, Syntiche ameapa. Sijui kama alinisikia. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye zile nywele nilizonyoa.

Akaingia. Akamsalimu Syntiche kama mtu asiyemjua mwenye nyumba. Hakukaa kwenye kiti chake, alikaa ukingoni mwa kile cha wageni. Syntiche akawasha tablet, akasema anafurahi kumpata hatimaye Bwana Michée Mumba.

Na yeye akasema:

"Miye ni Laurent Kunda. Ninakaa Makomeno, na bibi na batoto. Hapa nilipita kusalimia tu."

Alisema vizuri kabisa. Bila kusita. Kama jana.

Syntiche hakuandika. Akainua macho kwenye ile picha ukutani, gauni langu, suti ya Michée, mwanya wake. Akayarudisha kwake. Akayaleta kwangu. Ni mtu mwema, naliona hilo. Angeweza kucheka au kukasirika. Aliuliza tu, kwa upole, kidole kikingoja juu ya kioo:

"Mama Séphora, uyu muntu ni nani yako?"

Michée hakunitazama. Aliangalia mikono yake. Nikisema ni mume wangu, nimekana neno lake mbele ya macho yake, na pengine, kama ni yeye aliye sawa na siyo Syntiche, ile kadi mpya ya mtoto inakufa kesho. Nikisema ni mgeni, naandikwa peke yangu katika nyumba hii, kwa kinywa changu mwenyewe.

Nikasema chungu kinaungua.

Wananingoja. Nasikia tablet ikilia kidogo, betri inakwisha. Nasikia Michée akikohoa. Hajasimama kunifuata. Syntiche, mgeni, anamwuliza kama atakunywa maji, katika nyumba yangu, na Michée anasema ndiyo, aksanti — na sasa Syntiche anaita kuniuliza glasi ziko wapi, maana Michée amemwambia kwamba yeye ni mgeni, hajui.